Kuzuia Jua Dirishani

Mji wa Morogoro umejengwa chini ya milima ya Uluguru, kwenye ncha ya kaskazini ya safu hiyo. Mji wenyewe uko kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari, lakini vilele vya milima hupanda kupita mita 2,600. Kwa hiyo mtu aliye sokoni Morogoro mwezi wa Januari hutokwa na jasho, huku akitazama mawingu yaliyoufunika msitu ambao, kama angekuwa huko, ungemlazimu kuvaa sweta. Katika sura hii tutapanda mlimani baadaye. Kwanza tuingie darasani.

Tuseme darasa lenu lina madirisha ya kioo upande wa magharibi, nayo ni saa tisa na nusu alasiri. Jua limekwisha kuinama. Miale yake inapita katika kioo na kuanguka juu ya madawati. Wanafunzi walio karibu na dirisha wanajisogeza na kujibana upande mmoja wa dawati. Ubao unang'aa kama maji ya bwawa, na msichana aliyeketi nyuma ameandika 38 mahali ambapo mwalimu ameandika 88. Mwalimu anadhani kwamba hakuwa anasikiliza. Kumbe hakuona.

Mmoja wenu anasimama na kufunga pazia. Mng'ao umeondoka, lakini sasa darasa lina giza, basi taa zinawashwa mchana kweupe. Joto nalo halikupungua sana. Nje kuna nuru ya bure inayowatosha watu wote wa mji, nanyi mmeketi gizani mkilipia taa na kutoka jasho. Kosa liko wapi?

Ili kulijibu swali hilo yatupasa kujua mambo matatu: jua hupita wapi angani, joto huingiaje chumbani, na jicho linahitaji nuru kiasi gani.

NJIA YA JUA JUU YA MOROGORO

Morogoro iko karibu na latitudo 7° kusini ya Ikweta. Nchi zilizo mbali na Ikweta huliona jua upande mmoja tu wa anga wakati wa adhuhuri. Sisi tulio karibu na Ikweta huliona likihama. Kuna siku huwa kaskazini, kuna siku huwa kusini, na mara mbili kwa mwaka huwa utosini kabisa. Hapa Morogoro jua la utosi hutokea mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba.

Unaweza kuyathibitisha hayo kwa kijiti tu. Simika uwanjani kijiti kilichonyooka, chenye urefu wa mita 1 juu ya ardhi. Weka alama mahali ncha ya kivuli inapofika kila baada ya dakika kumi, kuanzia saa sita hadi saa saba mchana. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho cha adhuhuri. Utaona kwamba adhuhuri ya jua haiji saa sita kamili, bali karibu na saa sita na nusu. Saa zetu si mbovu. Saa za Afrika Mashariki zimewekwa kufuata longitudo 45° mashariki, mstari ambao hauigusi kabisa Tanzania, nasi tuko magharibi yake. Basi jua hutufikia limechelewa.

Ukipima tarehe 21 Juni, kivuli cha adhuhuri kitakuwa na urefu wa kiasi cha sentimita 58, nacho kitaelekea kusini, kwa kuwa jua liko kaskazini. Tarehe 21 Desemba kitakuwa sentimita 30 hivi, kikielekea kaskazini. Siku za jua la utosi kijiti hakitakuwa na kivuli cha kupimika. Watoto wadogo hupenda sana kuonyeshwa jambo hili, na wazee wengi hawajapata kuliona kwa sababu hawakulitafuta.

Sasa fikiri juu ya dirisha linalotazama kaskazini, ambalo urefu wake kutoka chini hadi kwenye linta ni mita 1.2. Juu yake pana upenu, yaani sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta. Je, upenu utokeze kiasi gani ili adhuhuri ya Juni dirisha zima liwe kivulini? Chora mchoro kwa kipimo, ukitumia pembe uliyoipata kwa kile kijiti. Jibu ni sentimita 70. Dirisha linalotazama kusini lahitaji upenu mfupi zaidi, sentimita 40 zinatosha, kwa sababu mwezi wa Desemba jua la adhuhuri liko juu zaidi. Asubuhi na jioni jua hupiga kuta hizi mbili kwa kuzipitia kando kando tu.

Madirisha ya mashariki na magharibi ni taabu tupu. Mwezi wa Machi au Septemba, saa tatu asubuhi, upenu wa dirisha la mashariki ungepaswa kutokeza zaidi ya mita moja na nusu ndipo dirisha lile lile la mita 1.2 lipate kivuli chote. Saa mbili asubuhi ungehitaji karibu mita tatu! Jua likiwa chini, hakuna paa linaloweza kulizuia, kama vile kofia isivyomsaidia mtu anayetembea akilielekea jua la machweo.

Kwa sababu hiyo mafundi wenye busara huielekeza nyumba ndefu mashariki na magharibi kwa ncha zake, ili kuta ndefu zenye madirisha zitazame kaskazini na kusini. Fundi akikosea hapo, au kiwanja kikimlazimisha, wakaao ndani huteseka kwa miaka hamsini. Shule niliyosoma mimi ilijengwa kufuata barabara, wala si kufuata jua. Tulioketi upande wa magharibi tulijulikana kwa vitabu tulivyovishika kichwani kila alasiri.

KIOO NI MTEGO

Umejifunza kwamba joto husafiri kwa njia tatu: mpitisho, msafara na mnururisho. Joto la jua hutufikia kwa mnururisho. Kioo ni kitu angavu, kwa hiyo miale ya jua hukipita kwa urahisi. Ikiisha kuingia, miale husharabiwa na sakafu, madawati, daftari na ngozi zetu. Vitu hivyo hupata moto, navyo huanza kutoa mnururisho wao. Lakini mnururisho unaotolewa na kitu chenye joto la dawati si sawa na ule wa jua. Mawimbi yake ni marefu zaidi, na kioo hakiyapitishi. Joto limeingia kwa mlango wazi, kisha mlango umefungwa nyuma yake. Ndiyo maana basi lililoegeshwa juani stendi ya Msamvu huku madirisha yamefungwa huwa tanuri.

Sasa lile pazia la darasani. Liko ndani ya kioo. Miale ya jua hukipita kioo kwanza, ndipo ikutane na pazia. Pazia huirudisha sehemu ya miale nje, hasa likiwa jeupe, lakini sehemu iliyobaki hulipasha moto pazia lenyewe. Pazia moto lililo ndani ya chumba huupasha hewa ya chumba. Umemzuia mwizi asikione kitanda chako, lakini umekwisha kumkaribisha sebuleni.

Kizuizi kilicho nje ya kioo hufanya kazi tofauti. Nacho hupata moto, pengine kuliko pazia, lakini moto wake huchukuliwa na upepo wa nje. Chumba hakiupati, ila kidogo.

Jaribio. Tafuteni maboksi mawili ya karatasi ngumu yenye ukubwa mmoja. Toboeni dirisha la ukubwa mmoja katika kila boksi, na mwalimu abandike kipande cha kioo katika kila dirisha (kingo za kioo hukata, msizishike). Katika boksi la kwanza tundikeni kitambaa ndani ya kioo. Katika boksi la pili tundikeni kitambaa cha namna ile ile nje ya kioo, kiasi cha upana wa vidole viwili mbali nacho, ili upepo upite katikati. Wekeni kipimajoto ndani ya kila boksi, mahali ambapo hakipigwi na jua moja kwa moja. Elekezeni madirisha yote mawili kwenye jua. Someni vipimajoto kila baada ya dakika tano kwa muda wa nusu saa, kisha choreni grafu. Msiandike matokeo mnayoyatarajia. Andikeni mliyoyasoma.

Joto linaloingia dirishani si jambo dogo. Jua likiwaka katika anga safi, kila mita mraba inayolielekea moja kwa moja hupokea karibu wati 1,000. Alasiri ile tuliyoieleza, jua likiwa limeinama nusu, kila mita mraba ya dirisha la magharibi hupokea kiasi cha wati 600. Dirisha la mita 1.2 kwa mita 1.5 lina eneo la mita mraba 1.8. Fanya hesabu: ni zaidi ya wati 1,000. Hiyo ni sawa na kuacha pasi ya umeme ikiwaka katikati ya darasa, na madirisha manne ni pasi nne. Feni haiondoi joto hilo. Feni hupeperusha hewa ili jasho likauke upesi, nasi tukaona nafuu, lakini joto lingali chumbani. Kiyoyozi huliondoa, ila kwa gharama: ili kutoa nje wati 1,000 za joto, mashine ya kawaida hula kiasi cha wati 300 za umeme.

Umeme huo watoka wapi? Sehemu yake hutoka katika mkoa huu huu. Mitambo ya Kidatu, inayozungushwa na maji ya Mto Ruaha Mkuu, ilianza kazi mwaka 1975. Baadaye ikaja ya Kihansi, na mwaka 2024 mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji ukaanza kutoa umeme. Maji yaliyopita katika mitambo ili kupoza ofisi ambayo ingeweza kupozwa kwa jamvi la dirishani ni maji yaliyofanya kazi ya bure.

NURU NA JICHO

Kama haja yetu ingekuwa kuzuia joto peke yake, tungeliziba dirisha kwa matofali. Lakini dirisha lina kazi nyingine.

Wataalamu hupima mwangaza kwa kipimo kiitwacho laksi. Uwanjani, jua likiwa kali, mwangaza hufika laksi 100,000. Mwanafunzi anayesoma na kuandika darasani anahitaji kiasi cha laksi 300 tu. Tazama tofauti hiyo! Sehemu ndogo sana ya nuru ya nje, ikisambazwa vizuri, yatosha darasa zima. Shida yetu haikuwa uchache wa nuru hata siku moja. Shida ni kwamba nuru yote huanguka mahali pamoja.

Jicho lina tundu liitwalo mboni, ambalo hupanuka gizani na kusinyaa penye nuru. Haliwezi kufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Ukilitazama daftari lililo nusu juani na nusu kivulini, mboni husinyaa kwa ajili ya ile nusu inayong'aa, na ile nyingine huonekana kama imezama katika giza. Mwishoni mwa kipindi macho huuma na kichwa hugonga. Mwanafunzi huyo huweza kudhaniwa kuwa mvivu au mwenye ugonjwa wa macho. Kabla ya kumpeleka hospitali, mhamishe dawati kwanza uone.

Vibao vya dirishani viliundwa kwa ajili ya shida hii. Watu wa pwani wamevijua kwa muda mrefu. Katika Mji Mkongwe wa Unguja nyumba nyingi zina madirisha ya mbao yenye vibao vyembamba vilivyolala mfululizo, kimoja juu ya kingine, mfano wa magamba ya samaki. Upepo hupita, jua halipiti, na aliye ndani huweza kuitazama njia bila yeye kuonekana. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, lilizungushiwa baraza pana katika kila ghorofa. Sehemu yake iliporomoka mwaka 2020, lakini picha za baraza hizo zingalipo. Bara nako, reli ilipofika Morogoro mwaka 1907, wajenzi wa enzi hizo walipenda mabaraza mapana yaliyoweka ukuta kivulini. Na kabla yao wote, nyumba ya msonge ilikuwa na paa la nyasi lililoshuka chini hata mgeni akalazimika kuinama mlangoni.

Ubora wa vibao ni kwamba vinaweza kugeuzwa. Chukua papi za mbao zenye upana wa sentimita 10, uzipange kwa mlalo zikiachana sentimita 10. Jua likiwa juu, zaidi ya pembe ya nyuzi 45, hakuna mwale utakaopenya moja kwa moja. Jua likishuka chini ya nyuzi 45, miale huanza kuchungulia kati ya vibao, nawe huna budi kuviinamisha, ukingo wa nje ushuke. Usiviinamishe kupita kiasi. Vigeuze mpaka ule mstari wa jua mezani utoweke, kisha acha hapo. Vikipakwa rangi nyeupe, sehemu ya nuru huakisiwa kutoka mgongoni mwa kibao kuelekea darini, na dari nyeupe huisambaza hadi kwa wale wa nyuma. Dari iliyojaa moshi na vumbi huimeza.

Zingatia pia upande ambao nuru inatokea. Anayeandika kwa mkono wa kulia hufaa apate nuru kutoka kushoto kwake, ili kivuli cha mkono kisiifunike kalamu. Wanaoandika kwa mkono wa kushoto huhitaji kinyume chake, na walimu husahau jambo hilo mara nyingi.

KUONGOZA VIZUIZI

Kizuizi kisichoongozwa ni nusu ya kizuizi. Waliochunguza maofisi katika nchi mbalimbali wameona tabia ile ile: mtu hushusha pazia asubuhi jua linapomchoma, kisha hulisahau chini siku nzima, pengine juma zima, huku taa zikiwaka juu ya kichwa chake. Kwa hiyo katika majengo makubwa ya siku hizi vizuizi vya nje huongozwa kwa mota. Kifaa kilicho juu ya paa hupima ukali wa jua, kingine hupima upepo, na kompyuta huamua vibao vigeuke kiasi gani. Upepo ukizidi, vizuizi huinuliwa visije vikang'olewa. Mitambo hiyo ni ghali, tena watu huchukizwa ikiwashushia pazia wakati walipotaka kutazama mvua. Darasani mota si lazima. Kiranja wa zamu anatosha, mradi ajue kanuni.

Asubuhi afunge vya mashariki na kufungua vya magharibi. Baada ya saa sita na nusu, jua likiisha kuvuka, abadilishe. Mawingu yakitanda, afungue pande zote na kuzima taa. Upepo mkali unaotangulia mvua ukija, avikunje vizuizi vyote na kuvifunga kwa kamba. Jioni, watu wakiisha kuondoka, avifungue ili ukuta na kioo vipoe usiku, kwani hewa baridi huteremka kutoka mlimani jua likiisha kuchwa.

Sasa tupande mlimani kama tulivyoahidi. Joto la hewa hupungua kiasi cha nyuzi 6 za sentigredi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Nyandira, katika Mgeta, upande wa magharibi wa Uluguru, iko takriban mita 1,000 juu ya mji wa Morogoro. Asubuhi ya Julai wanafunzi wa huko huingia darasani wakipuliza viganja vyao. Kiranja wa Nyandira akizifuata kanuni za kiranja wa mjini atawagandisha wenzake. Yeye yampasa kuvifungua vya mashariki asubuhi ili ule mtego wa kioo umtumikie, na kuvigeuza vibao kwa ajili ya mng'ao tu pale unapowasumbua wasomaji. Milima ni ile ile, jua ni lile lile, lakini amri ni kinyume.

KUTENGENEZA KIZUIZI CHENU

Kizuizi kizuri cha nje huweza kutengenezwa bila kununua vitu vingi. Pasueni mianzi au tumieni matete makavu yaliyonyooka, yenye urefu unaozidi upana wa dirisha kwa shibiri moja kila upande. Yashoneni kwa kamba ya katani katika mistari mitatu, mkiacha nafasi ya unene wa kidole kati ya tete na tete. Mnaweza pia kutumia jamvi kuukuu, ila jamvi huzuia nuru nyingi zaidi. Tundikeni kizuizi kwenye boriti iliyo shibiri moja mbele ya ukuta, wala msikilaze juu ya kioo, maana nafasi ile ndiyo njia ya hewa ya kuondoa joto. Fungeni kamba mbili za kukikunjia kutoka chini, zipite katika pete zilizo juu. Miisho ya kamba ifungwe kwenye msumari ulio juu kuliko kichwa cha mtoto wa darasa la kwanza, kwa kuwa kamba inayoning'inia huweza kumkaba shingo.

Mkiwa na subira, kizuizi huweza kuoteshwa. Mkarakara uliopandwa mbele ya dirisha la magharibi na kutambazwa juu ya kichanja huleta kivuli, na matunda juu yake. Mwarobaini huchukua miaka kadhaa, nao upandwe mbali na msingi ili mizizi isiusumbue. Mti lakini hauongozwi na kiranja. Siku ya mawingu kivuli chake hakikunjwi.

MASWALI

1. Dirisha la darasa lenu linatazama upande gani? Pimeni urefu wake, kisha mtafute kwa mchoro upenu unaohitajika adhuhuri ya tarehe 21 Juni na ya tarehe 21 Desemba.

2. Eleza kwa nini pazia jeusi lililo ndani ya kioo huongeza joto la chumba kuliko pazia jeupe.

3. Mwanafunzi mmoja alisema, "Feni imepunguza joto la darasa." Pima kwa kipimajoto kabla ya kuwasha feni na nusu saa baadaye. Je, alisema kweli?

4. Kaa kwa zamu katika kila pembe ya darasa saa tatu asubuhi na tena alasiri. Chora ramani ya darasa, uonyeshe madawati ambayo aketiye hapo hauoni ubao kwa sababu ya mng'ao. Mwonyeshe mwalimu ramani hiyo.